Hakipo, au Hatukukiona?

Tumeletewa swali na wenzetu wa pwani waliohamia Kitale na Bungoma kwa biashara na ualimu, ambao nao hukutana kila juma kusoma kama tukutanavyo sisi. Swali lenyewe ni hili: ni wakati gani mtu huwa na haki ya kusema ya kwamba kitu fulani hakipo tena duniani?

Wametueleza ya kuwa swali limezuka kwa sababu ya kipande cha pori kilichobaki bondeni, kati ya mashamba ya mahindi, upande wa Bungoma. Mmoja wao alitaka pori hilo lifyekwe na kulimwa, kwa hoja ya kwamba hamna kitu ndani yake. Mwenziwe akamwuliza amejuaje, naye hakupata kuingia humo hata siku moja. Wakabishana, kisha wa tatu akataja habari ya konokono wa kisiwa cha Aldabra, aliyehukumiwa kuwa amekwisha naye yu hai, na mabishano yakazidi badala ya kupungua. Basi wakaona afadhali kutuandikia.

Huenda msomaji akacheka na kusema: konokono na ilimu wapi na wapi? Tunamwomba asubiri. Neno "hakipo" ni fupi mdomoni, lakini ni katika maneno mazito kabisa awezayo kuyasema mwanadamu. Kwa neno hilo mali hugawanywa, mke huolewa na mwingine, deni husamehewa, na mlinzi huambiwa aende zake nyumbani kwa kuwa hapana tena cha kulinda. Neno lenye nguvu namna hii yatupasa tujue sharti zake.

Tuanze na habari ya konokono mwenyewe, kwani wengi wameisikia nusu nusu.

Aldabra ni visiwa vya matumbawe katika nchi ya Shelisheli, lakini viko mbali na mji mkuu wa nchi hiyo kuliko vilivyo mbali nasi. Kutoka kisiwa cha Mahé mpaka huko ni zaidi ya kilomita 1,100, na kutoka pwani ya Afrika Mashariki ni kadiri ya kilomita 640. Husemekana jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ukijani, walilolitumia mabaharia waliopita huko zamani. Visiwa vinne vikubwa vimelizunguka ziwa la maji ya bahari, na juu yake wanaishi kobe wakubwa wapatao 100,000. Watu hawakupata kufanya mji huko. Maji matamu ni haba, vichaka vimesongamana, na jiwe la matumbawe limeliwa na mvua na mawimbi hata likawa kali kama meno ya msumeno. Mwenye kwenda kwa miguu hatua 100 ndani ya kichaka cha Aldabra huwa amefanya kazi ya siku nzima katika ardhi nyingine. Mwaka 1982 shirika la UNESCO liliviandika visiwa hivyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika visiwa hivyo kuna konokono mmoja wa nchi kavu ambaye wataalamu humwita Rhachistia aldabrae. Gamba lake ni la zambarau, limezungushwa milia yenye rangi ya waridi na ya chungwa, na hapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Zamani alikuwa akionekana bila taabu. Kisha akaanza kuwa nadra, na mara ya mwisho alipoonekana hai ilikuwa mwaka 1997. Ilipofika mwaka 2007, mtaalamu aitwaye Justin Gerlach alichapisha makala katika jarida la Biology Letters, ambalo ni la chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, akisema ya kwamba konokono huyo ametoweka kabisa, na sababu ni kupungua kwa mvua visiwani. Kauli hiyo ikaenea, na konokono wa Aldabra akawa mfano wa kutajwa kila wazungumzapo watu juu ya viumbe vilivyomalizwa na kubadilika kwa hali ya hewa.

Walikuwako waliopinga. Clive Hambler wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenziwe waliandika ya kwamba sehemu kubwa ya makazi ya konokono huyo haifikiki na haikupata kupekuliwa, na kwamba miaka 10 ya kutoonekana haitoshi kumhukumia kifo. Jarida halikuyachapisha maneno yao.

Kisha, tarehe 23 Agosti 2014, wafanyakazi wa Taasisi ya Visiwa vya Shelisheli, ambayo ndiyo inayoitunza Aldabra, waliingia katika kichaka kizito cha kisiwa cha Malabar, mahali pasipozoewa na miguu ya watu. Aliyeanza kumwona konokono mdogo mwenye rangi zile hakuwa mwanachuoni wa elimu ya viumbe, bali ni kijana msaidizi wa nahodha. Wakatafuta zaidi, wakaona na wengine, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa ndiye.

Hatuitaji habari hii ili tumdhihaki mtaalamu aliyekosea. Mwenye ilimu hukosea, na asiyetafuta kitu ndiye asiyepata kukosea katika kukitafuta. Wala hoja yake ya mvua si ya kupuuzwa, kama tutakavyoeleza. Tunaitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawalizingatii. Watu husema konokono yule "amerudi". Hakurudi, kwani hakuondoka. Toka 2007 mpaka 2014, miaka 7 kamili, alikuwa maiti katika vitabu na hai mtini. Lililobadilika siku ile ya Agosti ni ilimu ya watu tu. Basi tusichanganye mambo mawili: kuwapo kwa kitu, na kujua kwetu ya kwamba kipo. La kwanza halingojei la pili.

Sasa na tuingie katika swali lenyewe.

Kila aliyekaa mbele ya waalimu anajua ya kuwa ushahidi wa kuthibitisha na ushahidi wa kukanusha haulingani uzito. Mwenye kusema "nimeona" humtosha jicho moja, mahali pamoja, na saa moja. Mwenye kusema "hakipo" amejitwisha mahali pote na saa zote. Kwa hiyo wanachuoni wetu wa sheria, zinapogongana kauli mbili za watu waaminifu, mmoja akithibitisha na mwingine akikanusha, aghlabu humtanguliza mwenye kuthibitisha, kwa kuwa yeye ana ziada ya ilimu ambayo mwenziwe hanayo. Aliyekanusha huenda amesema kweli juu ya yale aliyoyaona. Walakini kutoona kwake hakufuti kuona kwa mwenziwe.

Hata hivyo hawakusema ya kwamba kila ukanushaji hauna maana. Walipambanua. Mtu akiingia chumbani, akawasha taa, akatazama pembe zote nne na uvungu wa kitanda, kisha akasema "humu hamna mtu", ushahidi wake ni sawa na wa mwenye kuthibitisha, kwa sababu amekanusha kitu chenye mipaka naye ameizunguka mipaka yote. Lakini mtu akisimama mlangoni gizani, akaita mara moja asiitikiwe, kisha akasema "humu hamna mtu", huyo hakushuhudia neno lolote juu ya chumba. Ameshuhudia juu ya sauti yake tu, ya kwamba haikujibiwa.

Tazama pia adabu iliyomo katika kisa cha Nabii Sulaiman alipowakagua ndege asimwone hudihudi. Alianza kwa kuuliza habari ya kuona kwake mwenyewe, ana nini hata asimwone, ndipo baadaye akauliza kama ndege huyo ni miongoni mwa wasiohudhuria. Mfalme mwenye majeshi ya watu, majini na ndege hakuona unyonge kulituhumu jicho lake kabla ya kumtuhumu ndege. Wala hudihudi hakuwa amepotea. Alikuwa mahali ambapo mfalme hakupata habari zake, naye akaja na ilimu ambayo Sulaiman hakuwa nayo.

Jambo hili si geni kwetu watu wa pwani, ambao baba zetu walikuwa wakipanda vyombo na kusafiri na pepo za kaskazi na kusi. Ni nyumba ngapi katika miji yetu zilizopata kuwa na mtu aliyetoka na chombo kisha asisikiwe tena? Ndiyo mas-ala ya mafqudi, yaani mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Katika madh-hab ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yetu, mali ya mtu huyo haigawanywi kwa dhana. Asili yake ni uhai, kwa kuwa tulimjua hai kwa yakini, na yakini haiondolewi na shaka. Hungojwa mpaka uthibiti ushahidi wa kifo chake, au upite muda ambao kwa dhana yenye nguvu mtu kama yeye hawezi kuishi zaidi yake, na kadhi ahukumu. Wako maimamu wengine waliofupisha muda kwa ajili ya kumwondolea mke madhara, nao wana hoja zao. Lakini hakuna katika wote aliyesema ya kwamba warithi wagawane siku ile ile chombo kilipochelewa.

Na sheria ya serikali imekwenda njia iliyo karibu na hii. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema ya kwamba mtu asiyesikiwa habari zake kwa miaka 7, na wale ambao kwa kawaida wangezisikia lau angekuwa hai, hudhaniwa kuwa amekufa. Zingatia sharti hilo la katikati. Sheria haikuhesabu miaka peke yake. Imeuliza: ni nani ambaye hakusikia? Akiwa ni mkewe, wanawe na nduguze, hapo kimya chao kina maana. Akiwa ni mpita njia asiyemjua, kimya chake hata kikitimiza miaka 70 si dalili ya kitu. Tena dhana hiyo ya sheria huvunjika mara moja mtu akitokea mlangoni.

Sasa ipime habari ya Aldabra kwa mizani hiyo. Ilipita miaka 10 bila ya konokono kuonekana. Vema. Lakini ni nani ambaye hakumwona? Je, walikuwa ni watu walioingia vichaka vya Malabar, wakapekua majani baada ya mvua, mwaka baada ya mwaka? La, vichaka vile havikuwa vimeingiwa. Basi kimya kile kilikuwa kimya cha mpita njia. Shirika la kimataifa la hifadhi ya viumbe, IUCN, limeweka kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa fiqhi ataifahamu bila ya mkalimani: kiumbe hakiandikwi kuwa kimetoweka mpaka isibaki shaka ya maana ya kwamba wa mwisho wake amekufa, baada ya kupekuliwa makazi yake yote yanayojulikana na yanayotarajiwa, kwa nyakati zinazofaa, za mchana na usiku na za misimu ya mwaka.

"Kwa nyakati zinazofaa": hapo ndipo tuwarejeze ndugu zetu wa Kitale katika nchi waliyonayo mbele ya macho yao. Karibu na mji huo, upande wa kaskazini, kuna kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Kenya. Eneo lake ni kadiri ya kilomita 3 za mraba, nayo imezungukwa na mashamba pande zote. Sababu ya kuhifadhiwa kwake ni mnyama mmoja, nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka zimwezeshazo kutembea juu ya matope na mafunjo. Akishtuka hujizamisha majini asionekane ila pua. Mwenye kutaka kumwona hupanda jukwaa la mbao alfajiri au jioni, akatulia. Basi mtu akifika Saiwa saa sita za mchana, akapiga kelele ukingoni, kisha akarudi Kitale akatangaza sokoni ya kwamba nzohe wamekwisha, tumwiteje? Si mwongo, kwani kweli hakuwaona. Wala si shahidi, kwani alikwenda saa isiyokuwa yao.

Na mlima Elgon, ambao watu wa Kitale na wa Bungoma wote huuona wakiinua vichwa, una pango la Kitum. Tembo wa mlima huo huingia ndani ya giza la pango usiku kukwangua kuta kwa pembe zao, wapate kulamba chumvi iliyomo katika mwamba. Ajaye mchana hukuta ukuta wenye alama na kinyesi, na tembo hakuna. Msomaji na achague mwenyewe: ataamini kutokuwapo kwa tembo, au ataziamini alama zao?

Hapa tunajua ya kwamba mwenye busara atatupinga. Atasema: kwa maneno yenu haya hakuna kitu kitakachopata kuhesabiwa kuwa kimekwisha, na kila mvivu atasema "huenda kipo mahali". Hoja hii ni nzuri na tunaijibu.

Kwanza, kifo kikithibiti, kukikana ni uongo kama ulivyo uongo kumzika aliye hai. Katika visiwa vya Hawaii kulikuwa na konokono wa mtini aliyeitwa na wataalamu Achatinella apexfulva. Alipobaki mmoja tu, alitunzwa na watu ndani ya chumba, wakamtafutia mwenzi asipatikane. Alikufa tarehe 1 Januari 2019. Kifo hicho kilishuhudiwa. Na kisiwani Moorea, katika bahari ya Pasifiki, walikuwako konokono wa jamii ya Partula, nao msiba wao una mkono wetu kwa mbali. Yule konokono mkubwa wa kwetu, tunayemwona ukutani na migombani wakati wa masika, alichukuliwa na watu kutoka Afrika Mashariki, akapelekwa nchi baada ya nchi, mpaka mwaka 1967 akafikishwa Tahiti ili aliwe. Akazaana akawa balaa ya mashamba. Wakuu wa huko wakaleta konokono mwingine kutoka Florida, Marekani, mla konokono wenziwe, ili ammalize. Akafika Tahiti mwaka 1974 na Moorea mwaka 1977. Yule mgeni akaona kazi nyepesi ni kuwala wenyeji wadogo. Ilipofika 1987, Partula wa Moorea walikuwa hawaonekani tena porini. Huku walitafutwa na watu waliowajua, katika miti waliyoizoea, na adui yao akaonekana akiwala. Kauli ya kwamba wamekwisha porini ilikuwa na haki.

Jibu la pili ndilo kiini cha maneno yetu. Shaka si ruhusa ya kulala. Wataalamu walioona Partula wakipungua hawakungoja yakini. Waliwachukua wachache waliobaki, wakawazalisha katika nyumba za wanyama za Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 20. Toka mwaka 2015 wakaanza kuwarudisha visiwani kwa maelfu, na mwaka 2024 ikatangazwa ya kwamba wameonekana Moorea konokono wazima wa aina ya Partula tohiveana waliozaliwa porini wenyewe. Lau watu wale wangesema "wamekwisha, hapana la kufanya", au wangesema "huenda wako mahali, tusihangaike", mwisho ungekuwa mmoja. Wenye kukata tamaa na wenye kujipumbaza hukutana njia panda ile ile, nayo ni kukaa bure.

Kwa hiyo wakati wa shaka tupime makosa mawili. Tukilinda kitu kumbe hakipo, tumepoteza taabu na fedha kidogo. Tukiacha kulinda kitu kumbe kipo, tumekimaliza kwa mikono yetu, na neno letu la uongo tumeligeuza likawa kweli. Kosa la kwanza lina marekebisho, na la pili halina. Ndiyo maana mali ya mafqudi huwekwa amana: akirudi aikute. Vivyo hivyo na konokono wa Aldabra. Alipatikana, na bado mvua ni jambo la kuhofiwa kwake, kwani kiumbe chenye mwili wa majimaji hakina buriani na ukavu. Aliyesema amekufa alikosea. Atakayesema sasa hana haja ya kuangaliwa atakosea zaidi.

Yako pingamizi ya mwisho, nayo ndiyo tunayoisikia sana: "Mbona mwajitaabisha? Ni konokono tu." Sisi twajibu ya kwamba ushahidi haupimwi kwa ukubwa wa kinachoshuhudiwa. Mwenye kuzoea kusema "hakuna" juu ya kitu kidogo pasipo kutafuta, ulimi wake umekwisha zoea, na kesho atalisema neno hilo juu ya kitu kikubwa.

Mara ngapi tumewasikia waheshimiwa wa mitaa yetu wakisema: "Katika mtaa wetu, alhamdulillahi, hakuna mwenye njaa." Waulize wamejuaje. Watasema hakuna aliyebisha hodi. Subhanallah! Na mwenye haya je, atabisha? Mwenye njaa wa kweli hujificha kama nzohe, ila pua tu juu ya maji. Mlango wake umefungwa mapema ili jirani asione ya kwamba jikoni hapakuwaka moto. Watoto wake wamefunzwa kusema "tumekula". Mwenye kumtafuta saa ya mchana barazani hatamwona, kwani barazani hukaa akicheka na wenziwe. Basi ile kauli ya "hakuna" ni kauli ya nani? Ni ya mtu aliyesimama mlangoni gizani akaita mara moja. Tena tazama faida aipatayo: akisema hakuna maskini, hana zaka ya kupeleka hapo mtaani wala hatua ya kwenda. Na tulipokuwa tukisema ya kwamba neno "hakipo" humrudisha mlinzi nyumbani, hii ndiyo tafsiri yake.

Hapa pana jambo la kujihadhari nalo sote. Mara nyingi tunaposema kitu hakipo huwa tuna haja ya kutokuwapo kwake. Mrithi ana haja ya kifo cha mafqudi. Mwenye shoka ana haja ya utupu wa pori. Tajiri ana haja ya mtaa usio na maskini. Ushahidi wa mwenye manufaa hukumuni hutiliwa shaka mahakamani. Kwa nini tusiutilie shaka moyoni mwetu, ambako sisi wenyewe ndio kadhi, ndio shahidi, na ndio mdai?

Basi kwa ndugu zetu wa Kitale na Bungoma, jawabu letu ni kwamba asiseme mtu "hakipo" mpaka ajibu maswali manne. La kwanza: nimetafuta wapi, na ni sehemu gani sikufika? La pili: nimetafuta saa gani na msimu gani, na je, ndio wakati wake? La tatu: nimewauliza nani, wanaokijua au wapita njia? La nne: nina faida gani mimi kikiwa hakipo? Akiweza kuyajibu yote manne mbele ya watu bila ya kuinamisha macho, na aseme, na tutamsadiki. Asipoweza, lugha yetu ina neno jingine lililo fupi vile vile, tena la kweli na lisilomletea dhambi: "sikukiona".

Na kuhusu lile pori la bondeni, hatukumharamishia mwenye shamba kulima, kwani ardhi ni yake na watoto wake wanataka kula. Tunamwambia aingie kwanza. Aingie asubuhi na aingie jioni, katika mvua na katika kiangazi. Ainue majani yaliyooza, atazame chini ya magogo na nyuma ya magome ya miti. Awaulize wachunga ng'ombe, na wazee wa nchi ile waliochanja kuni humo tangu utotoni, wanajua nini. Kisha ajue, ndipo akate shauri. Na mwenziwe aliyempinga naye asikae barazani akitoa hoja. Aende pamoja naye, kwani macho manne ni bora kuliko mawili, na yeye pia hajaingia.

Wabillahi taufiq.